Fundi Alisema Gari "Limeingiwa", Nami Nikanyamaza

Admin, naomba jina langu lisionekane popote, na ukishasoma ufute hata namba yangu, kwa sababu ndugu za mume wangu wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 33, nina watoto wawili, naishi karibu na Tinde. Mume wangu, nitamwita Baba Neema, ni mchimbaji wa dhahabu kule Mwakitolyo, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Naandika haraka nikiwa jikoni, mkiona nimekosea herufi mnisamehe.

Mwaka jana mume wangu alipata mawe mazuri, akanunua gari. Limetumika, lakini kwetu ni jipya. Hulifuta kwa kanga zangu, na simlaumu, maana lilitoka shimoni. Aliniachia niwapeleke watoto kanisani na kliniki, ila alinipa sharti mbele ya kaka zake: "Mama Neema, siku nikinusa maziwa humu ndani unarudi kwenu, na watoto unaniachia." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mke aliyenitangulia aliondoka kwa kosa dogo kuliko hilo.

Na mimi biashara yangu ni mtindi.

Tuna jirani mjane, nimwite Bibi Kabula. Ndiye aliyempokea mwanangu wa pili nilipozidiwa na uchungu nyumbani. Miezi miwili iliyopita magoti yalimzidi, nikampeleka kliniki kwa gari. Nikajiambia, kwa kuwa naenda mjini, dumu moja la mtindi litanidhuru nini? Tamaa tu. Nikaliweka miguuni pake, kiti cha mbele. Kwa jua lile mtindi ukaumuka, tulipofika kwenye matuta kifuniko kikaruka, ukatapakaa mpaka chini ya dashibodi. Bibi alicheka mpaka machozi, mimi nikalia. Tuliosha kwa mpira wa maji na sabuni ya unga mpaka mikono ikachubuka. Akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, macho haya mekundu ya moshi yameona nini? Hayajaona kitu."

Wiki kadhaa baadaye gari likaanza vituko. Honi inajipiga yenyewe saa sita mchana. Waipa zinafuta kioo kikavu. Milango inajifunga, vioo vinashuka na hakuna mtu ndani. Majirani walitoka kuangalia, wengine wakawaita watoto wao warudi ndani. Mama mmoja alianza rozari palepale barabarani.

Fundi umeme akaja. Alifungua chini ya dashibodi upande wa abiria, akatoa kisanduku ambacho wao hukiita kontroo boksi ya bodi, ndicho kinachoamuru taa, honi, milango na vioo. Alipokifungua, ndani kumeota ukungu wa kijani. Akanusa, akaniangalia. "Mama, haya si maziwa?" Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamwomba asimwambie mume wangu. Kabla hajanijibu simu yake ikaita, Baba Neema huyo. Akaweka spika.

"Bosi, gari limeingiwa."

"Limeingiwa na nini?"

Fundi akanitazama, mimi natikisa kichwa. Akasema, "Bosi, hilo siwezi kulisema. Nabadilisha boksi, litatulia."

Jamani, mnaokaa mbali labda hamtaelewa. Huku kwetu mtu akikuambia kitu kimeingiwa, na hawezi kutaja kilichoingia, hakuna anayefikiria maji wala maziwa, wanafikiria uchawi. Nililisikia neno lile likibaki nusu, na nilikuwa na nafasi ya kulimalizia. Nilinyamaza. Tena nilimshukuru fundi.

Baada ya siku mbili alileta boksi la gari lililogongwa, akalifunga, akaunganisha kompyuta yake mpaka likatambua ufunguo wetu. Gari likatulia kabisa. Jioni ile mume wangu akafika na dawa ya mganga, akapaka matairi yote manne. Nikamwambia fundi ameshamaliza kazi. Akasema, "Fundi kabadilisha chuma. Aliyekitia ugonjwa bado yupo." Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kabla gari halijaharibika nani alipanda kiti cha mbele.

Nikamtaja bibi. Niliogopa akiendelea kuuliza atafika kwenye dumu, jina likanitoka.

Tangu juzi kaka za mume wangu wapo uani kwetu. Wanazungumza, nikipita wananyamaza. Mmoja aliniuliza kama bibi analala peke yake. Jana bibi mwenyewe alipita, wote wakamwamkia shikamoo, tena kwa adabu, akawaitikia "marahaba wanangu". Adabu ile ndiyo iliyoniogopesha kuliko yote. Nawajua, hawajawahi kumwamkia hivyo.

Fundi nilimpigia, akasema, "Mama, mimi usinitaje humo," na sasa hapatikani. Mtaniambia niende kwa mtendaji au polisi. Nimelifikiria hilo usiku na mchana. Lakini wataniuliza nimejuaje kuwa bibi hana kosa, na jibu la swali hilo ndilo litakalonitenga na wanangu. Najua ninavyoonekana nikiandika hivi. Naogopa, basi, sina maneno mengine.

Leo asubuhi Baba Neema ameniagiza nikamwambie bibi kwamba Jumamosi watampeleka kliniki wao wenyewe, kwa gari, mimi nibaki na watoto. Nilikwenda. Nilisimama mlangoni kwake nimekusudia kusema kila kitu, mdomo ukasema kliniki. Alifurahi sana, akaomba Mungu ambariki mume wangu. Kisha akanisogelea akaninong'oneza, "Na ile siri yetu ya maziwa, hajaijua?"

Nikasema hajaijua.

"Basi usiogope, ng'wanawane. Kwangu hawatapata neno."

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nishaurini upesi. Leo ni Alhamisi.