Mama Mutheu alidhani nina mgeni

Leo jirani amenipata nikiongea na ukuta.

Nilikuwa napiga plasta jiko langu la nje hapa Tawa. Nimelijenga mwenyewe kwa matofali. Tangu binti yangu Mwende aolewe Mwingi naishi peke yangu, kwa hivyo hakuna wa kunishikia hata ndoo.

Plasta ilikuwa inaanguka kila nikiiweka.

Nikaiambia, "Shika tu, mama. Tukimaliza tutapika chai."

Kumbe nilikuwa naongea kwa sauti.

Mara Mama Mutheu, jirani yangu, akaingia na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, imefunikwa.

"Nimesikia uko na mgeni," akasema. "Ni Mwende amekuja?"

Nikaweka mwiko chini. Nikamwambia ukweli, hakuna mtu, nilikuwa naongea na plasta.

Hakucheka.

"Mimi huongea na kuku," akasema.

Watoto wake wote wako Nairobi. Tumesalimiana kwenye ua miaka mingi, na hilo la kuku sikulijua.

Nikanawa mikono, tukala ile muthokoi tukiwa tumesimama.

Sasa amerudi kwake na huku kumenyamaza tena.

Wewe ukibaki peke yako huongea na nani? Sema ukweli.