Mwezi Upande wa Kulia

Mama alipougua miguu hakuweza tena kutoka Garissa kwenda kwao, kwenye milima ya mawe upande wa Elwak. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ukame ulimaliza mifugo yao, wakahamia mjini. Mara moja nilimletea picha ya milima ile niliyoipiga mchana. Akaigeuzageuza. "Haya ni mawe tu," akasema. "Mwezi uko wapi?" Alitaka mwezi mpevu, wa kumi na nne, ule uliommulikia akikamua ngamia, unavyochomoza kwenye pengo kati ya vilele viwili.

Nikaazima kamera, nikadandia lori la mbuzi pamoja na mjomba, kaka yake mkubwa mama. Mjomba alikuwa mchuuzi wa mifugo, na ukimtajia kwao husema amekwisha kupasahau. "Nikumbuke nini, mizoga?"

Siku ya kurudi, mwezi ukiwa wa kumi na nne, lori lilisimama mbele ya milima ile jua likizama. Mkanda ulikuwa umebakiza picha moja. Nyingine zote zilimalizwa na jamaa wa Elwak waliojipanga mbele yangu na kanzu zao za Idi. Dereva aliogopa majambazi, akasema tukishaswali magharibi tunaondoka. Hapo raha ikanitoka kabisa, maana mwezi wa kumi na nne huchomoza saa ile ile ya magharibi, na haukawii kuliacha pengo.

"Abti," nikamwambia mjomba, "sisi wasafiri. Tuicheleweshe, tuiswali pamoja na isha."

"Lori limesimama, maji yapo," akajibu huku akitawadha. "Udhuru wako ni mwezi?"

Nikasimama nyuma yake nimefura. Mjomba akiswalisha, watu huumwa magoti, kwa jinsi anavyopenda sura ndefu na kuzisoma polepole kama mtu asiye na safari. Kwetu kibla ni kaskazini, kwa hiyo milima ilikuwa kuliani kwangu, na mimi sina ruhusa ya kugeuka. Shingo iliniwasha. Nilimchukia mjomba, nikamchukia dereva, kisha nikaogopa kwamba nachukia watu ndani ya swala.

Alhamdu ikaisha. Nikajikaza kusubiri. Mjomba akasoma Kauthar, aya tatu tu, akarukuu. Rakaa ya pili akasoma Ikhlas. Nilidhani anaumwa.

Kwenye salamu nikageuza uso kulia, na mwezi ulikuwa pale pale, mwekundu, umekaa kwenye pengo. Nikakimbilia kamera, nikapiga. Mjomba hakugeuka. Alibaki ameketi, akivuta tasbihi.

Picha ilipotoka, mwezi ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi. Mama aliuwekea kidole, hakukiondoa. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa, pamoja na hasira zangu.

"Alisoma Kauthar?" akauliza. "Kaka yangu? Huyu aliyetusimamisha utoto wote mpaka miguu inakufa ganzi?"

Alicheka, halafu akaanza kulia bila kujificha, kidole bado kipo juu ya mwezi.

"Kumbe naye anapakumbuka," akasema.