Mgomba Wangu na Taa ya Zahanati

Mjukuu wangu alipofikisha miezi minane ya mimba, muuguzi wa zahanati yetu hapa Kishanda alinisimamisha njiani akaniambia neno ambalo sikulipenda.

"Bibi, taa ikiendelea hivi, huyu binti sitampokea jioni. Mpelekeni Muleba mapema akasubirie huko. Mimi siwezi kushona mtu kwa kupapasa."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo naujua kuliko yeye. Mama wa huyu mjukuu alikuwa binti yangu. Alijifungua nyumbani kwa mwanga wa kibatari, mvua inanyesha, mkunga akanawa mikono akasema kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Binti alikuwa amechanika na hakuna aliyeona. Tuliona kulipopambazuka, damu imeloa shuka mpaka godoro, naye amekwisha kufa. Mtoto nikamlea mimi. Kwa hiyo mtu akinitajia habari ya taa, simchukulii kama anazungumzia urembo wa kijiji.

Umeme wa nguzo tunao. Unakuja, unaondoka. Jioni wakati kila nyumba imewasha, unakuwa dhaifu mpaka balbu inakuwa nyekundu kama kaa linalozimika, na mvua ikipiga tunakaa siku mbili au tatu bila. Ndiyo maana mwaka juzi kijiji kiliamua kuweka taa ya sola zahanati. Mimi ni mjumbe wa kamati, si kwa kisomo, maana niliishia darasa la nne. Ni kwa sababu kibanja changu, yaani shamba la migomba la nyumbani, kinapakana na zahanati, na nikisema nasikika.

Fundi aliletwa kutoka Bukoba wakati wa kiangazi. Paa la zahanati ni la zamani, mbao zimeliwa na mchwa, akakataa kupanda juu yake. Akasimamisha nguzo ya chuma mpakani, upande wa kibanja changu, tena nguzo fupi, ili mlinzi aweze kuifuta paneli vumbi akiwa juu ya ngazi. Waya mmoja ulikwenda kwenye taa ya uwanjani, mwingine ukaingia chumba cha kujifungulia.

Fundi aliniuliza, "Bibi, hapa pako wazi?"

Nikamjibu, "Pako wazi."

Mwaka wa kwanza taa ilifanya kazi. Akina mama wanaotoka kuchota maji walipitia pale badala ya njia ya mkato. Wauza ndizi mbivu na karanga walihamia langoni. Kwaya ya Walutheri ikaanza kufanyia mazoezi chini ya taa, sisi Wakatoliki tukalalamika kwamba wanawapigia wagonjwa kelele, halafu na sisi tukaleta kwaya yetu. Muuguzi alituvumilia wote.

Kisha taa ikaanza kuchoka. Ilikuwa inazima saa nne, ikawa inazima saa tatu, na mwezi wa kumi na moja ikawa inawaka saa moja na saa mbili imekwisha. Wengine walisema ni mawingu ya vuli. Mimi nikasema mawingu yalikuwepo mwaka uliopita na taa ilikesha. Nikaamua kuna mtu anaiba.

Mlinzi wa zahanati ni ndugu wa marehemu mume wangu. Ni shemeji yangu, na tumetaniana tangu nilipoletwa hapa kuolewa kutoka Kashozi. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala. Asubuhi moja nikapita mbele ya kibanda chake nikakuta mabawa na miguu ya senene imejaa chini kama makapi. Watu siku hizi wanatega senene kwa taa kali na mabati, kila mtu anajua, na taa hizo zinakula umeme. Nikasimama mlangoni bila hata kumwamkia.

"Kumbe betri ya wazazi ndiyo unayotegea senene?"

Alikuwa ananyonyoa wengine kwenye ungo. "Waitu," akaniita kwa heshima ya kikwetu, "shemeji, amkia kwanza ndipo ugombe. Hawa nimewaokota kwenye nyasi alfajiri, kama ulivyokuwa unaokota wewe ulipokuwa msichana."

"Mimi sikuwa na ufunguo wa betri."

"Ungekuwa nao ungetega mpaka ng'ombe."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati, nikasema nilichoona, na nikasema pia nisichoona. Nilisema ameunga waya. Sikuwa nimeona waya wowote. Kamati wakaniamini kwa sababu mimi si mtu wa kusema ovyo, wakamwita shemeji mbele ya watu wakamdai ufunguo wa sanduku la betri. Aliutoa mfukoni, akauweka mezani, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa ananisalimia kama anavyomsalimia mgeni wa serikali.

Ufunguo nikapewa mimi. Nikauning'iniza shingoni pamoja na rozari. Taa ikaendelea kuzima saa mbili.

Hapo ndipo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Nikasema basi fundi alituuzia betri mbovu, na nilikuwa na wiki mbili tu kabla ya mjukuu kufikisha siku zake. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuogopa. Alikuwa anashona vinguo vya mtoto mlangoni, jua likishuka ananiuliza, "Bibi, leo itawaka?" Nilimwambia ashone, maswali aniachie.

Nikapanda basi la asubuhi nikaenda Bukoba mpaka Kitendaguro, kwenye kibanda cha yule fundi. Nilimkuta amekaa juu ya kopo anatafuna hindi la kuchoma.

"Simama," nikamwambia. "Betri yako imekufa."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Imekufa."

Alitaka kuja wiki ijayo. Nikamwambia nitamsubiri hapo hapo, nikaketi kwenye mfuko wa saruji. Wateja walikuwa wanafika wananiuliza kama mimi ndiye muuzaji. Kufikia saa nane fundi alishindwa kufanya kazi, akafunga kibanda, akachukua kile kipimo chake cha umeme, tukaondoka wote. Alilala kwa mwenyekiti, na kesho yake saa tano asubuhi tulikuwa tumesimama uwanjani mwa zahanati.

Ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama na watoto walikuwa kwenye mabenchi, muuguzi yuko dirishani, na shemeji amesimama pembeni, mikono mgongoni. Nilifungua sanduku la betri kwa ufunguo wangu. Fundi akapima, akapima tena.

"Bibi, betri ni nzima."

"Nzima vipi na inazima?"

"Ni nzima ila ina njaa. Hailishwi." Akainua uso kuangalia nguzo. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huu mgomba ni wa nani?"

Niliinua uso na mimi. Jani pana la mgomba lilikuwa limelala juu ya paneli, na la pili nyuma yake, yanacheza na upepo taratibu. Pale pote ambapo jua lingepiga palikuwa kivuli.

Msomaji asiyelima migomba anaweza kuuliza nilikuwa wapi siku zote. Nilikuwa hapo hapo, nafanya kazi. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kibanja changu uliniulia nusu ya migomba, nikaing'oa na kuichoma kwa mkono wangu. Shina hilo la mpakani lilinusurika. Wakati fundi anachimba shimo la nguzo nilikuwa nimetoka kukata mkungu wake, mgomba mama uko chini, kimebaki chipukizi kimoja kifupi kama mkono. Mtu wa mjini akiona hapo anaona uwanja. Mimi nilijua chipukizi kile kitakuwa mgomba, kila mtu wa Kishanda angejua, na bado nikasema pako wazi, kwa sababu kwetu shina la mgomba halihesabiwi kuwa kitu kilichosimama njiani. Liko tu, kama nyumba. Kisha nikaliwekea samadi na nyasi, nikamnyima jirani aliyeomba mbegu yake, na kila asubuhi nilikuwa naangalia mkungu wake unavyonenepa. Niliangalia mkungu. Majani sikuyaangalia yanafunika nini. Shemeji naye, tangu mvua zianze kuiosha paneli, hakuwa na vumbi la kupandia ngazi.

Akina mama wote kwenye mabenchi walijua mgomba ni wa nani. Wote wakaanza kuwafunga watoto kofia. Fundi akamgeukia shemeji. "Mzee, unamjua mwenyewe?"

"Yupo hapa," shemeji akasema. "Na mdomo anao."

"Ni wangu," nikasema.

Fundi, kijana mwenye adabu, akasema basi tupunguze majani mawili matatu. Mama mmoja akasema mkungu bado mchanga, ningoje wiki tatu ukomae. Mwingine akasema nguzo ihamishwe. Niliwasikiliza. Ukikata majani, mkungu unabaki na vidole vyembamba, na nyuma yake kulikuwa na watoto wawili wa mgomba huo wanaokua. Mwakani tungesimama tena pale pale tunamtafuta mwizi. Na wiki tatu sikuwa nazo.

Nikaenda jikoni nikalichoma panga motoni, kama tunavyofanya tangu mnyauko, maana hata mgomba unaoung'oa hukati kwa panga chafu karibu na mingine. Nikarudi nikaukata. Ulianguka upande wa kibanja, mkungu chini, na watu wakaguna kama wamepigwa wao. Kisha nikachukua jembe nichimbue shina lote. Shina la mgomba lililolishwa vizuri halitoki kwa mwanamke wa umri wangu. Nilipiga kama mara kumi hivi, jasho linaingia machoni.

"Lete hapa," shemeji akasema akiwa nyuma yangu. "Unachimba kama unamkuna mtu mgongo."

Nikampa jembe. Wakati anachimba, nikamwambia mbele ya wale wale waliokuwepo, "Nilikukosea. Waya sikuuona. Nilisema uongo."

Hakuacha kuchimba. "Najua."

"Ufunguo nitaurudisha mbele ya kamati."

"Utaurudisha leo," akasema, "na utanisalimia kwanza."

Nikamsalimia. Nikauvua ufunguo shingoni ukanasa kwenye rozari, muuguzi akatoka ndani kuja kunisaidia kuunasua, na ndipo watu walipoanza kucheka, nami nikawaacha wacheke.

Taa haikupona siku hiyo. Fundi alisema betri iliyokaa na njaa inahitaji siku kadhaa kushiba. Usiku wa kwanza ilifika saa tatu, wa pili saa sita. Wa nne ilikesha.

Mjukuu alishikwa uchungu siku ya Alhamisi mchana. Kufikia saa moja jioni mvua ilikuwa inakuja na umeme wa nguzo ukakatika, kijiji kizima kikawa giza. Niliketi kwenye benchi la zahanati, nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia. Taa ya uwanjani ilikuwa inawaka, na chini ya mlango mwanga ulikuwa unatoka ndani, mweupe, umenyooka. Sikuuondolea macho.

Saa mbili kasoro mtoto akalia. Nikasimama, kisha nikabaki nimesimama, maana binti yangu naye mtoto wake alilia, na sisi tukafurahi mapema. Muuguzi akasema kutoka ndani, hata kabla sijauliza, "Bibi, amechanika kidogo. Nimepaona. Nashona."

Dakika zile zilikuwa ndefu. Mkasi ukawekwa kwenye sahani ya chuma, maji yakamwagwa, mlango ukafunguliwa.

Niliingia sikuanza na mtoto. Nilifunua shuka nikaangalia. Damu ilikuwa ya kiasi, na haikuwa inaongezeka. Nikangoja, nikaangalia tena, muuguzi akaniacha. Mjukuu akasema kwa sauti ya uchovu, "Bibi, mtoto yuko huku."

"Nitamwona," nikamwambia. "Tulia."

Nilipoangalia mara ya tatu nikaridhika. Nikamchukua mtoto, nikaketi kwenye kiti, nikamgeuzia kwenye taa nimwone vizuri.