Ngumi ya Pili

Salimu Chirau wa Mwabungo alikuwa na mkono mwepesi, na aliyemwita mkorofi hakumsingizia. Alipigana Galu na wauza vinyago, akapigana Ukunda na makondakta, akampiga mtu hata msibani, mpaka waombolezaji wakamtoa nje wamembeba juujuu huku marehemu bado yuko ndani. Ukimwuliza sababu, alikuwa hana. Hasira yake ilikuwa ikifika kabla yake, yeye akaja baadaye kuokota meno ya watu.

Mara ya mwisho alimvunja taya Mbarak, kaka wa mkewe, kwa neno lisilofikia hata kuwa tusi. Taya lile liliunga kombo. Kadzo, mkewe, hakulia wala hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akazitia katika mfuko wa buluu wenye zipu, akauweka juu ya kabati.

"Nitakaa," alimwambia. "Lakini siku utakayompiga mtu tena kwa hasira, awe nani, mfuko huu utatoka na mimi."

Tangu siku hiyo Salimu aliishi chini ya mfuko ule. Aliuona alipolala na alipoamka, wala hakuthubutu kuugusa. Matusi ya barabarani akayameza na kwenda zake. Watu walisema amezeeka, wengine wakasema amerogwa. Yeye alijua ni ule mfuko wa juu ya kabati tu.

Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kwa Prado yake kuukuu: boti za hoteli, jenereta, matangi ya maji, chochote kinachoweza kupanda juu ya trela. Kazi hiyo haina huruma. Aliwahi kuona mnyororo ukikatika Diani na kumchana mtu paja hadi mfupa ukaonekana mweupe. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake, na hakuna aliyeweza kumharakisha. Kabla ya kulifunga trela kwenye gari, alichuchumaa, akaweka bega chini ya mkono wa trela, akasukuma juu. Mkono ukimkandamiza mpaka magoti yakatetemeka, mzigo umekaa vizuri, uzito wake uko mbele. Ukiinuka kwa urahisi, mzigo umeelemea nyuma, na trela la namna hiyo likishika mwendo huanza kutikisa mkia, na likitikisa mkia huua.

Mbarak alipomaliza kuundiwa boti yake mpya kule Msambweni, alimwomba Salimu aivute hadi Mwabungo ikashuliwe baharini. Salimu alifurahi, kwani aliona taya lile limesamehewa. Asubuhi alipima kwa bega, trela likamkandamiza sawasawa. Akalifunga, akanawa mikono.

Ndipo jamaa wa mkewe walipoanza kupanda ndani ya boti.

Ukoo ule una mila yake. Chombo kipya hakiendi majini kitupu. Wanawake wa nyumba hukipanda tangu kwa fundi, na ngoma na sufuria ya pilau, wakikiimbia njia nzima. Na omo, yaani ncha ya mbele, haikaliwi na mtu mpaka iguswe na maji ya bahari, kwa sababu ndipo penye ubani na dua. Basi wote wakajazana tezi, huko nyuma kabisa, kando ya mashine mbili za boti ambazo zenyewe tu zilikuwa mzigo. Mama Mishi, mkwe wa Salimu, akakaa katikati yao na sufuria mbele yake. Kadzo naye akapanda.

Salimu alilifungua trela tena, akauinua mkono wa trela hilo. Uliinuka kama kifuniko cha chungu.

Alimwamkia mkwewe kwa adabu, akamweleza kwamba kubeba watu juu ya trela ni hatari, na kwamba kama lazima wapande, basi nusu yao wakae omo. Mama Mishi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu taratibu kwamba vyombo vyote vya mumewe vilishuliwa hivyo na hakuna aliyekufa. Salimu akamwambia kwamba vile vilivutwa kwa kamba na watu, si kwa gari. Mbarak akaingilia, akidai kwamba shemeji yake ana kijicho. Salimu akasema hapana. Mbarak akasogea karibu, akamgeuzia lile shavu lililokwenda kombo mbele ya watu wote.

"Au unataka na upande wa pili, shemeji?"

Damu ilimpanda Salimu mpaka masikioni, vidole vikaanza kujikunja vyenyewe. Alimtazama Kadzo kule juu, na Kadzo alikuwa akiitazama mikono yake. Hapo aliona kwamba akibishana dakika moja zaidi atapiga. Akakubali. Mtu mwingine angekubali kwa heshima ya mkwe au kwa ujinga. Salimu alikubali kwa kuiogopa mikono yake mwenyewe. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa siku ile, kubwa kuliko lililofuata.

Kabla ya kuondoka alimwita mkewe pembeni ya boti.

"Ikianza kuyumba, wavute wote waje mbele."

"Omo?" Kadzo aliuliza.

"Omo. Usingoje kuambiwa."

Walikwenda polepole, ngoma zikilia, Mbarak amekaa kiti cha mbele akipungia watu mkono kama waziri. Walipopita njia ya kuingilia Gazi palikuwa na mteremko, na gari likaongeza mwendo kidogo kwa uzito wa mzigo unaolisukuma kutoka nyuma. Wakati huohuo lori la miwa likawapita kwa kasi, upepo wake ukalipiga trela ubavuni.

Mkia ukatikisika mara moja. Ukarudi. Ukatikisika tena kwa nguvu zaidi, na Prado nzima ikaburutwa kushoto, kisha kulia, kama mbuzi anayevutwa pembe. Nyuma ngoma zilikatika na mayowe yakaanza. Salimu aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani wima, hakugusa breki. Alijua akikanyaga tu, trela litamzunguka na kuwamwaga wote barabarani. Sufuria iliruka nje ikabingirika kwenye lami, na pilau ikatapakaa. Mtu alikuwa akipiga kelele jina la Mungu.

"Simamisha!" Mbarak alipiga ukelele. "Unawaua!"

Akaukamata mkono wa breki kati ya viti viwili, akaanza kuuvuta. Salimu alisikia magurudumu ya nyuma yakikwaruza. Hakufikiri. Alimpiga ngumi ya pua, mfupa ukalia kwa sauti kavu, mkono wa Mbarak ukaachia. Salimu akaurudisha chini ule mkono wa breki.

Gari lilichezacheza tena, lakini safari hii kwa unyonge, kisha mvuto wa nyuma ukapungua na mkono wa trela ukatulia mahali pake. Mtu alikuwa amewapeleka wanawake mbele. Mteremko ulikwisha. Barabara ilinyooka.

Mbarak aliinama ameziba uso kwa mikono yote miwili, damu inapita katikati ya vidole. Salimu akamgeukia na kumpiga tena, ngumi ya taya, lile lile la zamani.

Waliposimama kando ya njia, boti ilikuwa salama na watu wote hai. Chiku, mke wa Mbarak, alikuwa amevunjika mkono kwa kujigonga kwenye mashine. Mama Mishi alishushwa, akamwona mwanawe anatolewa garini amelowa damu hadi kifuani, akaokota kijiti cha ngoma. Alimpiga Salimu kichwani, mabegani, mdomoni, mpaka kijiti kikavunjika. Salimu alisimama wima akapigwa, wala hakuziba uso. Waendesha bodaboda waliokuwa wakisimama kutazama wakaambiwa dereva amelewa, na wawili wakampiga mateke kwa hiari yao wenyewe. Alianguka chini kwenye pilau.

Kadzo ndiye aliyewafukuza. Alikuwa na majivu ya ubani magotini, maana alikuwa ameipanda omo na kuwavuta mama yake na wengine kwa nywele na kwa leso. Alichuchumaa karibu na mumewe.

"Angeivuta ile breki mngekufa nyote," Salimu alisema, na mdomo ulikuwa umemvimba.

"Najua. Nilikuwa omo, nimewaona kupitia kioo cha nyuma." Alimpangusa pilau usoni. "Ngumi ya kwanza nakushukuru, mume wangu. Ya pili ilikuwa ya nini? Gari lilikuwa limeshatulia."

Salimu alikuwa na uongo tayari. Angeweza kusema Mbarak alikuwa bado ameishika breki. Lakini Kadzo alikuwa ameona.

"Nilitaka," alisema.

Kadzo alitikisa kichwa taratibu, akasimama. Alimfunga kaka yake uso kwa leso yake, akampandisha kwenye gari la msamaria pamoja na Chiku, waende hospitali ya Msambweni. Mguu mmoja ukiwa ndani ya gari, aligeuka.

"Mpe mtu wa bodaboda mfuko wangu aniletee kwa mama."

Salimu aliifikisha boti Mwabungo peke yake, tupu, gari likienda mwendo wa mtu wa miguu. Nyumbani alipanda juu ya kiti, akanyoosha mikono juu ya kabati kuushika mfuko ambao hakuwahi kuugusa. Mfuko ulimjia mwepesi, karibu aanguke nao. Akafungua zipu. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa kanga moja kuukuu iliyokunjwa kuupa umbo. Nguo zote Kadzo alikuwa ameshazirudisha kabatini zamani, siku ambayo Salimu hakuijua, siku Kadzo alipoanza kumwamini.

Alikaa kitandani akalia kwa sauti, kama mtoto. Kisha akafungua kabati, akaanza kumkunjia mkewe nguo na kuzitia mfukoni, moja moja, na damu ya mikono yake ikawa inazichafua.