Kompyuta ilisahau kipimo cha dirisha, mtu aliye hai akawashiwa mshumaa

Wakuu, mbote. Wakubwa kwa wadogo wa jukwaa hili, nawasalimu wote.

Niko Kisangani. Hapa wananiita Koko Véro. Koko ni bibi, na kweli nina wajukuu tisa. Shule niliachia mwaka wa nne wa primaire. Ninaandika kwa kidole kimoja kwenye simu, Kiswahili cha kwetu na Kifaransa ndani yake, asiyependa apite. Lakini uongo hatauona hapa. Wote ninaowataja wako hai na wanaweza kuulizwa, isipokuwa wale waliokufa.

Naandika kwa sababu nina hasira. Nusura nifukuzwe katika mtaa niliozaliwa, kwa sababu ya dirisha la kompyuta.

Bon. Nianze mwanzo.

Mume wangu, marehemu Papa Augustin, alikuwa mpiga picha. Si wa simu, wa kamera. Ubatizo, komunyo, ndoa, familia zote za wavuvi wa kwenye maporomoko zilipita mbele yake. Alikuwa na veste moja nyeusi aliyoitundika ukutani, na kila mwanaume aliyekuja kupigwa picha alivalishwa ile ile, mnene kwa mwembamba. Kwa hiyo wanaume wa mtaa mzima katika picha zake wamevaa koti moja. Mkumbuke hilo.

Alipofariki aliacha makatoni ya picha, na panya walishaanza kuzila. Binti yetu Georgine, kabla hajamfuata mume wake Bunia, aliziingiza zote ndani ya kompyuta, moja moja, familia moja dosye moja, yaani folda moja. Mashine akaniachia mimi. Ni ile ya kukunja, lakini betri yake ilikufa zamani. Courant, yaani umeme, ikikatika, na yenyewe inazima.

Sasa muelewe. Watu wengi huku hawana picha nyingine ya mzee wao. Mtu akifariki, familia inakuja kwangu hata kabla ya kutafuta jeneza: "Koko, tupatie sura yake." Natafuta, naiweka kwenye flash, wanaenda Makiso, katikati ya mji, kuichapisha kubwa. Inatiwa kwenye fremu, inawekwa mbele kwenye matanga, mshumaa kando. Sitaki kitu. Ni kazi niliyoachiwa.

Kila picha ina namba tu, Georgine hakupata muda wa kuandika majina. Namba hazinisaidii. Mimi natafuta kwa macho na kwa mahali. Dirisha la dosye nililivuta kwa mkono wangu mpaka zikakaa sura sita kwa mstari, kubwa, zinaonekana bila miwani. Nikamjua kila mtu kiti chake, kama kanisani.

Halafu dirisha likaanza kusahau.

Unafungua asubuhi, limekuwa dogo kama leso. Sura zimekuwa kama punje za mchele, na kila mtu amehamishwa kiti. Nalivuta tena, nakuza sura tena. Kesho yake vilevile. Wiki nzima. Mwezi mzima! Kama mtu anayekuja kupanga upya vyombo vya jikoni mwako na wewe hujamwita.

Nikamwita Ingénieur Didier. Huyu ana duka Makiso, na ndiye aliyeitengeneza mashine ilipokuwa nzito. Mtu mzima, ana ndevu zake. Alitazama kwa kusimama.

"Mama, hii haiko panne, mashine iko muzuri. Iko uzee. Ni weye unasahau kulifunga muzuri."

"Miye nasahau?"

"Bakoko wote iko hivyo."

"Didier, nakumbuka siku mama yako alikutafuta soko nzima, na weye ulijificha chini ya meza ya samaki ya makayabu ukiwa umejikojolea. Nisahau nini?"

Akacheka. Lakini mashine hakuigusa.

Mara ya pili alikuja na toleka, baiskeli ya kukodi, akakaa, akala pondu yangu ya majani ya muhogo sahani nzima, ndipo akasema ni virusi. "Tuformate, Mama."

"Formate ni nini?"

"Tunafuta yote. Inakuwa mupya."

Wakuu! Sura za watu miaka thelathini, afute kwa sababu dirisha ni dogo? Nilimwambia simama. Na pili-pili uache.

Nakasirika upya nikiandika. Tuendelee.

Siku moja asubuhi wakaja dada na shemeji wa Papa Gérard. Gérard alikuwa mvuvi, ameondoka ghafla. Walikuwa wanalia mlangoni. Courant ilikuwa imerudi saa hiyo hiyo na sote tunajua haikai. Nikafungua dosye ya familia yao. Dirisha dogo! Nikalivuta haraka haraka, nikakuza sura. Gérard namjua, mstari wa tatu, wa mwisho kulia. Nikaenda mstari wa tatu, wa mwisho kulia. Veste nyeusi, masharubu, pua ya ukoo wao. Nikaiweka kwenye flash. Hawajafika barabarani, courant ikakatika.

Kosa langu nalikubali, sitalificha. Kwa haraka ile nilivuta dirisha likaishia sura tano kwa mstari, si sita. Sikuhesabu. Zikipangwa tano, aliyekaa mwisho wa mstari wa tatu si Gérard. Ni kaka yake, Bernard.

Na Bernard yuko hai. Anaishi Yanonge, upande mto unakoteremkia.

Pale matanga hakuna aliyegundua. Picha ya zamani, ndugu wanafanana, veste ni moja. Watu wakasema tu, angalia alivyokuwa mzuri ujanani. Wakalia mbele yake siku nzima.

Kesho yake alasiri Bernard akafika na pirogue, mtumbwi wake, ameloana na mvua ya njiani. Nilikuwepo, nimekaa na wamama. Aliingia chini ya bâche, turubai la matanga, anapiga kelele za kilio, akapiga magoti mbele ya fremu, akainua kichwa. 

"Eh! Nani alikufa hapa?"

Dada yake akamjibu kama mdogo kwa kaka mkubwa: "Yaya, ni Gérard."

"Na huyu?" Akashika sikio lake la kushoto, lile ambalo ndoano ililikata kipande akiwa mtoto. "Musikie, hii sikio iko ya nani? Munanililia miye, na niko muzima?"

Mtu mmoja akazima mshumaa kwa vidole. Halafu vichwa vikaanza kugeuka. Picha imetoka wapi? Kwa Koko Véro. Mjane, mzee, anakaa peke yake nyumbani na sura za mtaa mzima ndani ya sanduku.

Nyinyi wa Kongo mnajua neno lililofuata. Kwa wengine niwaandikie: ndoki. Mchawi. Eti nimemweka mtu hai kwenye kiti cha maiti ili afuate.

Wanawake niliowapokelea watoto kwa mikono yangu wakawavuta watoto hao hao mbali na mimi.

Na kama hiyo haikutosha, asubuhi Bernard akashikwa na homa. Mtu amesafiri na mvua mgongoni siku nzima, angeshikwa na nini? Lakini nani atasikia? Jirani ambaye kila siku ananiomba chumvi alipita bila kugeuza shingo. Huku kwetu wazee wamefukuzwa nyumbani kwao kwa jambo dogo kuliko hilo, na wengine si kufukuzwa tu. Nilijua nina siku mbili au tatu, kabla hawajamzika Gérard na kabla homa ya Bernard haijapanda.

Wengine wangefunga mlango na kusali. Mimi nilisali, halafu nikafungua mashine.

Nilijiuliza kama ninavyowauliza wajukuu kitu kikipotea: mara ya mwisho kilionekana lini? Nikavuta dirisha sura sita, nikalifunga, nikalifungua. Sita. Mara kumi. Sita, sita, sita. Linakumbuka vizuri kabisa! Alors nikachomoa waya mwenyewe, nikarudisha, nikawasha. Dogo kama leso.

Donc si uzee. Si kulifunga vibaya. Mashine ikiamka, kuna mtu ndani anafagia.

Nikampigia Georgine Bunia. Akaniambia, Mama, shika Ctrl, Maj na Échap pamoja, nenda panapoandikwa Démarrage, unisomee zote. Hapo ndipo panapoorodheshwa vitu vinavyoamka pamoja na mashine. Nikamsomea herufi moja moja. Alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki. Tukafika kwenye kimoja, akasema: "Hicho sikukiweka mimi."

Ni programu ya kusafisha kompyuta. Didier aliiweka siku alipoitengeneza, bila kuniambia, na akaipanga ifanye kazi kila mashine inapoamka. Tukaifungua. Orodha ndefu ya vitu vya kufutwa, vyote vimetiwa alama. Nikasoma polepole mpaka nikafika mstari wenye neno taille. Hilo nalijua bila kusoma, maisha yangu yote fundi wa nguo ananizungushia utepe akiliita. Kipimo. Na mbele yake: na mahali pa madirisha.

Wakuu, mnaona? Huyu mwanaume alikuwa anafuta kumbukumbu ya mashine yangu kila siku, halafu anakuja kula pondu yangu na kuniambia kumbukumbu mbovu ni yangu!

Sikutoa ile alama ya kipimo hapo hapo. Nilitaka mashahidi.

Nilienda matanga mchana kweupe, nikasimama katikati ya uwanja. Hakuna aliyenipa kiti. Nikasema: "Bernard, kama miye niko ndoki, kuja uone namna nafanya kazi."

Akatoka amejifunika blanketi. Mke wake, waliyekuja pamoja, akamshika mkono. Yeye akasema: "Acha. Kama ni kufa, nilishakufa tangu juzi." Dada yake akamfuata nyuma.

Nyumbani kwangu niliwaonyesha. Sura sita kwa mstari, wa mwisho mstari wa tatu: Gérard. Dada akaanza kulia. Nikachomoa waya, nikarudisha. Dirisha dogo. Nikamwambia Bernard, vuta mwenyewe, haraka, kama unakimbizwa na courant. Akavuta. Zikakaa tano. "Sasa weka kidole mstari wa tatu, wa mwisho."

Kidole kikaangukia sikio lake mwenyewe.

Akakiondoa kidole polepole. Halafu: "Koko, mbele ya hii kitu hata miye ningejizika."

Hapo ndipo nikatoa alama mbele yao. Nikavuta dirisha mpaka sita, nikakuza sura. Nikaingia Options, sehemu ya Affichage, nikabonya Appliquer aux dossiers ili dosye zote za picha zifuate sura kubwa. Nikafunga madirisha mengine yote kwanza, hili nikalifunga la mwisho, kwa sababu Georgine alisema kipimo kinashikwa wakati wa kufunga. Nikachomoa waya. Nikarudisha.

Sita. Gérard kwenye kiti chake.

Bernard mwenyewe ndiye aliyeshika flash mpaka Makiso, na homa yake. Aliporudi alisimama chini ya bâche na kueleza kwa sauti, hatua kwa hatua, mpaka waya. Gérard akazikwa akitanguliwa na sura yake. Homa ikaisha kwa dawa ya malaria. Jirani akaja kuomba chumvi. Nilimpa, lakini nilimtazama kwanza.

Didier nilimfuata dukani, mbele ya wateja wake.

"Mama, ile ni option tu," akasema.

Option! Nilimsimamisha mpaka akafunga duka na kuja kumwomba Bernard pardon. Aliiomba, macho kwenye simu. Hiyo bado sijaimeza.

Kabla ya kurudi Yanonge, Bernard alipita kwangu. "Koko, kwa hii kompyuta, miye niko wapi?"

"Mstari wa tatu, sura ya tatu."

"Bon. Nibaki hapo. Siku wakikuja kuniomba, uhesabu mara mbili."

Nikamwambia nitahesabu mara tatu, na nitalishika sikio.

Donc wakuu, nililojifunza ni hili. Dirisha likisahau kipimo, msikubali kuambiwa ni nyinyi mnaosahau. Jaribuni kwanza: linasahau ukilifunga, au mashine ikizimwa? Likisahau baada ya kuzima, angalieni Démarrage nani anaamka kufagia, mumtolee alama ya kipimo. Na fundi akisema formate kabla hajakaa kwenye kiti, mtoeni nje. Tena picha za watu wenu ziandikeni majina. Georgine ananisomesha sasa, tumefika familia ya nne.

Haya, semeni. Nani mwingine dirisha lake linamsahau, na mlifanyaje? Kuna njia nyingine nzuri kuliko yangu? Nitasoma zote, polepole. Na atakayeandika kwamba ni uzee, nitamjibu kwa kidole hiki hiki kimoja.