Fundi Simu na Mkeka wa Mishale

Fundi simu wetu wa Kirumba ana gemu la zamani ambalo, kwa maelezo yake, halitakuja kupitwa. Muziki unapiga, mishale inapanda kwenye runinga, naye anaifuatisha kwa miguu juu ya mkeka wa plastiki uliojaa solotepu. Kabla ya kuanza huvua kandambili na kufuta nyayo kwa kitambaa kilekile anachofutia vioo vya simu zetu. Mteja akifika, huinuliwa kiganja bila kutazamwa. "Ukiniongelesha nakosea," husema, nasi tunasubiri na simu zetu zilizozima. Kila akipatia, runinga humsifu kwa maandishi makubwa, naye hujibu "asante" kwa sauti ya chini, kwa adabu ambayo mkewe, Odeta, anasema haijawahi kufika nyumbani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa naye kwenye harusi ya shemeji yake huko Mkolani. MC akamtangaza kuwa bingwa wa kucheza, watu wakampisha katikati ya ukumbi. Muziki ukapigwa. Akasimama wima, macho yameganda ukutani juu ya vichwa vyetu, mpaka watu wakaanza kucheka. Odeta akamfuata, akamshika mkono.

"Unasubiri nini?"

"Nitachezaje," akasema, "na hakuna wa kuniambia kama nimepatia?"

Odeta akamtazama. "Mimi nakupikia miaka yote hii," akasema, "bila kuambiwa."

Kisha akamwachia mkono, akaanza kucheza peke yake.