Siku Mami Alipoingia Kwenye Albamu Yetu

Kuna wimbo kwenye albamu yetu ambao nikiusikia ukitoka kwa kinyozi hapa Nyeri mjini, mimi huvuka barabara, tena bila kuangalia magari. Watu hufikiri ninaringa. Siringi, ni aibu tu, na kwa vile kila mtu huniuliza ile sauti ya mwanamke anayehoji katikati ya wimbo ni ya nani, wacha leo niseme yote nipumzike.

Sisi ni bendi ya watu watatu: mimi, mwanamke peke yangu, naimba na kupiga gitaa, Muthomi yuko kwa besi, na Otieno, mwalimu wa sekondari, hupiga ngoma kama mtu anayeua nyoka. Tunapiga roki. (Ndiyo, Nyeri. Ndiyo, roki.) Tulikuwa tumeamua kurekodi albamu mbele ya watu, Jumapili mchana, kwenye klabu ndogo iliyo juu ya duka la mbolea, na fundi wa sauti alitoka Nanyuki na mitambo ya kuazima ambayo ilikuwa lazima irudi jioni hiyo hiyo, kwa hivyo hakukuwa na mambo ya kurudia. Alituonya kitu kimoja tu: albamu kama hiyo bila watu husikika kama bendi imefungiwa ndani ya tangi la maji.

Basi wiki hiyo sikukaa chini. Nilipigia simu majirani wote wa mtaani kwangu Skuta, watu niliosoma nao, hata jamaa aliyewahi kunitengenezea simu, na wote wakasema "tutaona", na mnajua kwetu "tutaona" maana yake ni nini. Ijumaa Mami akapiga kutoka nyumbani Mukurweini kuuliza kama ndizi alizonitumia zilifika, na mimi, kwa ule wasiwasi, nikasema, "Zilifika. Mami, Jumapili narekodi nyimbo. Ukipata nafasi, ukuje na wenzako." Hiyo tu. Sikusema ni nyimbo gani, na yeye, ambaye mara ya mwisho kuniona na gitaa nilikuwa kwenye kwaya ya vijana kanisani, hakuuliza. Nilijua hatakuja. Jumapili kuna ibada, halafu kuna ng'ombe.

Jumapili ikafika, na mimi kazi ni kuzunguka tu: nakaza nyuzi ambazo zimeshakazwa, naenda choo, narudi, nachungulia dirishani, naenda choo tena. Ndani kulikuwa na watu wachache, na wengine walikuwa wamekuja kutazama mpira. Ndipo nikasikia ngazi zikilia, na wakaingia akina mama wa kanisa, gari nzima, sare za bluu na vitambaa vyeupe kichwani, Mami mbele, wamebeba na chupa za chai.

"Hapa ndio mnarekodi?" Mami akauliza, macho yakiwa kwa rafu ya pombe.

"Ukumbi ilikuwa shida, Mami."

"Si mbaya. Hata hapa Mungu yuko," akasema, akaketi mstari wa kwanza na kuanza kuomba, na wenzake wote wakafunga macho, na wale wa mpira wakavua kofia.

Otieno akaninong'oneza, "Waambie ukweli saa hii." Ningemsikiza. Lakini klabu ilikuwa imejaa, fundi ameinua kidole kutuonyesha mashine inarekodi, na mimi nikaona heri nianze.

Nyimbo mbili za kwanza zilienda vizuri, moja ya ukungu na nyingine ya barabara, na wale akina mama wakapiga makofi kwa mpigo safi kutushinda sisi wenyewe. Wa tatu nilikuwa nimeutunga nikiachana na mwanamume niliyekuwa nikiishi naye Skuta (Mami alijua ninaishi na msichana kutoka Meru). Unaanza polepole: "Bwana, Bwana, ulinikuta gizani." Akina mama wakasikia Bwana wao. Mikono ikapanda. Mmoja akaanza kulia. Nikatafuta maneno mengine ya kuweka mbele, yoyote, lakini vidole vilikuwa vimeshatangulia, Otieno akalipua ngoma, na nikajisikia nikipiga kelele: "Bwana sikutaki tena, beba nguo zako uende!"

Mikono ilibaki hewani, haijui ishuke au ikae. Muthomi akaacha besi. Otieno, aliyekuwa amefunga macho, akaendelea peke yake kwa muda, kisha naye akanyamaza. Mami akainuka, akapanda jukwaani na kusimama karibu nami, karibu kabisa na maiki.

"Njeri. Huyu bwana ni nani?"

"Ni mtu tu, Mami."

"Mtu gani?"

"Tulikuwa tunaishi na yeye. Skuta."

"Ati kwa ile nyumba mimi hulala nikikuja town? Na yule msichana wa Meru?"

"Hakukuwa na msichana wa Meru."

Akaniangalia sana. Nilitamani ile sakafu ipasuke nianguke kwenye mbolea huko chini.

"Alikuwa anakuchapa?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

Niliitikia kwa kichwa. Alielewa.

"Alienda?"

"Alienda."

Akashuka, akaketi, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha Mama Wambui, ambaye ni mwenyekiti wao na mjane, akasema kutoka kitini, "Sasa imba hiyo ya kubeba nguo. Tulikuwa hatujashika maneno."

Tukaimba. Wakashika. Wakaimba kwa sauti tatu, kama wanavyofanya kanisani, na mimi nikipiga gitaa huku makamasi yakinitoka. Mami hakuimba.

Tulipomaliza nikamfuata kwenye ngazi. Akasema tu, "Simu ulikuwa nayo, Njeri. Ungeniambia," akaenda kukamua.

Nilimwomba fundi akate yale maswali, akakataa, akasema hajawahi kurekodi kitu kama hicho. Kwa hivyo yapo, na kinyozi anayapiga. Mimi nimeapa: mambo yangu nitamwambia Mami mapema, kwa simu, kwa chai, popote, bora pasiwe na maiki.